Lengo Nililolipata kwa Mama Mkwe

Mwende, binti wa jirani yangu hapa Katelembo, amefungua duka la kushona nguo. Ana cherehani mbili, kioo kirefu cha wateja kujitazama, na jina lake limeandikwa mlangoni kwa rangi ya waridi. Juzi alipita nyumbani kunisalimia, nikamuuliza biashara inaendaje.

"Poa sana, babu. Nimeweka malengo. Saa hii niko na duka moja. Baada ya miaka mitano nitakuwa na matatu. Moja Kyumbi, moja Mlolongo."

"Hayo ni ya duka," nikamwambia. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayejua masikio ya mzee yameanza kuchoka, kisha akarudia pole pole kwa sauti ya juu zaidi: Kyumbi, Mlolongo, na hapa.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini alipoondoka nilibaki nikifikiri, kwa sababu swali lile si langu. Niliulizwa mimi kwanza, nikiwa na umri kama wake, nami nilijibu vile vile alivyojibu. Basi haya namwandikia yeye, pamoja na nyinyi wote mnaofungua milango yenu mwaka huu: wenye kinyozi, wenye vibanda vya chipsi, wenye kuosha magari, na hata wewe uliyeanza kuuza mayai ya kuchemsha ukidhani hiyo si biashara ya kutajwa mbele za watu. Ni biashara, itaje.

Mimi nilikuwa fundi wa gata, ile mifereji ya bati inayofungwa ukingoni mwa paa ili mvua ikinyesha maji yaingie kwenye tangi. Huku kwetu Ukambani mvua haitabiriki, na ikija inakuja kwa haraka kama mgeni aliyeacha gari likinguruma nje. Ukishindwa kuyashika maji yake siku hiyo, utayafuata mtoni kwa miezi. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa ndogo kwa macho na kubwa kwa tumbo. Nilistaafu magoti yalipokataa ngazi. Sikuyalaumu, yalinibeba vya kutosha.

Sitaki mdhani nayacheka malengo ya Mwende. Yangu yalikuwa na kiburi zaidi. Nilitaka karakana pale njiapanda ya Kyumbi, mahali ambapo kila anayeingia Machakos lazima ageuze shingo. Nilitaka ubao wenye jina langu kwa herufi kubwa, na chini yake picha ya nyumba inayonyeshewa. Nilitaka gari la kubebea mabati, na lazima liwe la kijani. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya makoti ya wafanyakazi. Wakati huo, jamani, sikuwa na nyundo yangu mwenyewe. Nilikuwa naazima.

Nyundo niliyokuwa naazima ilikuwa ya Mzee Mutiso. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, mjini Machakos, nyuma ya soko, chini ya kibanda cha mabati ambacho, nawaambia ukweli, kilikuwa kinavuja. Mutiso alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye maneno machache na utani mwingi. Alikunjia bati juu ya kipande cha reli kilicholazwa kwenye magogo mawili, kwa nyundo ya mbao, kwa sababu nyundo ya chuma inaliumiza bati na bati lililoumizwa huota kutu mapema. Alinifundisha kusikiliza. Ukiligonga pindo likalia, bado liko wazi. Likitoa sauti nzito, limefunga. Mpaka leo mtu akigonga sufuria jikoni najikuta natega sikio.

Gata yangu ya kwanza niliiziba upande usiofaa. Niliikunja vizuri, nikachomea viungo kwa risasi ya kuyeyusha vizuri, kisha nikaziba ule mdomo ambao maji yalipaswa kutokea. Mutiso hakunikaripia hata kidogo. Aliichukua, akaitundika kibandani kwa waya, akaijaza udongo, akapanda vitunguu. Kila mteja aliyeuliza aliambiwa, "Hilo ni shamba la huyu kijana. Anavuna hivi karibuni." Vile vitunguu viliota, na tulivila. Namshukuru Mungu kwa mwalimu wa namna ile, maana angenitukana ningeacha kazi, na mimi nilikuwa mwepesi wa kuacha.

Kuna jambo moja kuhusu gata mnalopaswa kulielewa ndipo mnifuate. Fundi wa viatu akikosea, mteja anarudi jioni hiyo hiyo akichechemea. Mpishi akikosea, sahani inarudi. Fundi wa gata akikosea wakati wa kiangazi, hakuna anayejua. Gata inang'aa, mwenye nyumba anafurahi, majirani wanasifu, fundi anakula kuku. Kosa linakaa pale juu kimya mpaka siku ya mvua. Ndiyo maana mawingu yalipoanza kukusanyika mwishoni mwa mwaka, mafundi kadhaa wa mji wetu walikuwa wanapata safari za ghafla. Namkumbuka mmoja aliyekuwa na shangazi ambaye alifariki karibu kila msimu.

Mutiso alikuwa kinyume chao. Matone ya kwanza yakianguka, alichukua mwavuli wake uliovunjika mbavu na kwenda kuzitembelea nyumba alizofunga gata. Anasimama nje, anaangalia, anazunguka, anagonga hodi. Kwa muda mrefu nilidhani anatafuta chai. Na chai alikunywa, sikatai. Lakini hata mimi, niliyekuwa namfuata nyuma nimelowa mpaka kwenye soksi, sikuelewa kwamba yule mzee alikuwa anafurahia sikukuu yake.

Siku nilipomwambia nataka kujitegemea, hakununa. Alinipa ile nyundo ya mbao iwe yangu, nikashika mdomo. Kisha akaniuliza, "Sasa wewe unataka nini?"

Nikamweleza Kyumbi, ubao, gari la kijani, makoti. Nilieleza kwa mikono yote miwili.

"Hiyo ni ya watu wakuone," akasema. "Mimi nakuuliza wewe."

"Ni hiyo tu, mzee."

"Haya," akasema, akarudi kwenye bati lake.

Kazi yangu ya kwanza kama tajiri wa biashara yangu mwenyewe, tajiri asiyekuwa na karakana wala gari, ilikuwa Katangi, kwa mama mkwe.

Hapo lazima nisimame kidogo, maana najua vijana wa siku hizi mnapiga picha za simu na mama wakwe mkicheka meno nje. Hongera zenu. Sisi tulikulia kwenye ile heshima ya ukwe inayoitwa nthoni. Mama mkwe humwiti jina. Humbishii. Chumba chake cha kulala huingii, hukitazami, na ikiwezekana hufikirii kama kipo. Mkiwa na jambo zito, mnatafuta mtu wa kulipeleka. Si kwamba mnachukiana. Mimi mama mkwe wangu, Mama Kioko, nilimpenda sana, na kwa sababu nilimpenda nilikuwa nikimwona njiani naanza kutafuta pa kupitia.

Mama Kioko alikuwa na nyonga iliyomsumbua. Kila asubuhi alimfunga punda mitungi, akateremka mpaka mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Unachimba shimo, unasubiri maji yachuje, unachota kwa kikombe. Kisha unapanda kile kilima. Nilimwona siku moja akipanda, mkono mmoja kwenye mgongo wa punda na mwingine kwenye nyonga, akisimama kila baada ya hatua chache kama anayetazama mandhari, na hakuwa anatazama mandhari yoyote. Watoto wake wakaungana wakamnunulia tangi kubwa la bati. Mke wangu, Mueni, akasema mbele ya wote, "Gata atafunga Baba Mumbua. Si ameanza biashara yake?" Baba Mumbua ni mimi. Nilivimba kifua.

Nilipofika, mama mkwe alishachagua mahali pa tangi. Upande wa jikoni, karibu na mlango, ili achote bila kutembea. Mawe ya kuliweka juu yalishapangwa. Jambo la busara kabisa, isipokuwa moja. Ile nyumba ilikuwa imeinama. Mchwa walikuwa wamekula nguzo za upande mmoja, na paa lilikuwa limeshuka kidogo kuelekea upande ule. Huhitaji pima maji kuliona, ukisimama barabarani unaliona. Maji ya paa lile yalitaka kwenda upande uliozama. Na upande uliozama, ndugu zangu, ulikuwa wa chumba cha kulala cha mama mkwe. Mahali pazuri pa tangi palikuwa chini ya dirisha lake.

Niambieni nyinyi. Ningeanzaje kusema hivyo? Ningeenda kwa mama mkwe niseme, mama, nimetazama dirisha la chumba chako na nimeona panafaa kuegemeza ngazi?

Nikanyamaza, nikafunga gata kuelekea jikoni. Ili maji yapande kinyume na paa ilibidi upande wa jikoni niishushe gata sana, ikaning'inia mbali chini ya ukingo wa bati. Na hapa chukueni somo la ufundi, nalitoa bure: gata ikikaa chini mno, mvua ya kawaida itaingia, lakini mvua yenye nguvu inaruka juu yake na kumwagika nje. Midomo ya mabati inapaswa kufika katikati ya gata, na gata iwe karibu nayo kiasi kwamba kiganja chako hakipiti kwa raha. Yangu ungepitisha kichwa.

Jambo lingine la ufundi ni kwamba kila gata hujaribiwa. Unapanda na mtungi wa maji, unamwaga upande wa juu, unaona yanavyokwenda. Hivyo ndivyo Mutiso alivyofanya mjini, penye bomba. Lakini Katangi, mwezi ule wa ukame, nani angemwomba yule mama mtungi mmoja wa yale maji ili akaumwage juu ya paa? Mimi sikuweza. Nilikula kuku, nikasifiwa, nikarudi Machakos.

Ile gata ilipendeza. Watu wa Katangi walikuja kuiangalia Jumapili baada ya misa. Shemeji yangu Kioko, mwenye bucha pale sokoni, aliniambia kwamba watu watatu au wanne wameulizia fundi. Biashara yangu ilikuwa inaanza kukimbia kwa gata ambayo mimi peke yangu nilijua itamwaga maji chini.

Basi ule mwezi chakula hakikupita. Mchana nikitazama angani kuelekea Yatta, upande wa Katangi, na kuona wingu, nilikuwa naingia ndani nisilione. Fikirini, Ukambani mzima unaombea mvua, makanisa yanafunga na kuomba, na mimi kimoyomoyo naomba ichelewe kidogo. Nilipogundua kwamba hiyo ndiyo sala yangu, niliogopa. Nilijiona mimi ndiye yule fundi wa shangazi. Karakana ya Kyumbi ingekuja, ubao ungekuja, na kila mwaka mawingu yakitanda ningekuwa natafuta safari. Hapo ndipo jibu la swali la Mutiso liliponijia, bila mbwembwe, nikiwa nimekaa kwenye gogo mkono ukiwa umeshika kiazi. Nilitaka mvua ikinyesha nisijifiche. Basi. Nilitaka niwe mtu anayefurahia mvua kama watu wengine.

Nikamweleza Mueni yote. Alinisikiliza akiwa anapepeta mahindi, na nilipofika kwenye habari ya dirisha akaweka uteo chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Yaani mama yangu unamwogopa kuliko njaa?"

"Simwogopi. Namheshimu."

"Haya, twende ukamheshimu vizuri."

Tulifika Katangi asubuhi. Mama Kioko ndiyo kwanza alikuwa ametoka mtoni, mitungi bado iko mgongoni mwa punda. Tulisalimiana, akaingia jikoni kuchochea moto. Mimi nikakaa nje kwenye kigoda. Mueni akasimama mlangoni katikati yetu. Kutoka kwangu mpaka kwa mama mkwe palikuwa mahali pa kunyoosha mkono na kuazima chumvi, lakini mazungumzo yalikwenda hivi.

"Mama Mumbua, mwambie mama gata haijakaa vizuri."

"Mama, anasema gata haijakaa vizuri."

"Nimesikia. Muulize imefanya nini."

"Anauliza imefanya nini."

"Mwambie bado haijafanya. Itafanya mvua ikija. Maji mengi yatapita juu yake yaanguke chini."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Muulize sasa tangi itakaa wapi."

Niliangalia vidole vyangu vya miguu. "Mwambie upande ule mwingine."

"Upande gani?" akauliza Mueni, na alijua vizuri sana.

"Upande ule... wa jua kutua."

"Mama, anasema kwa dirisha lako."

Mwiko uliokuwa unakoroga kwenye sufuria ukanyamaza. Hata kuku nadhani walisimama. Nilianza kuhesabu ni ndugu gani ninao mbali ambao ningeweza kwenda kuishi nao.

"Muulize," mama mkwe akasema mwishowe, "ni nani atapanda hapo."

"Mwambie si mimi. Kioko atapanda. Mimi nitasimama kwenye kona, mahali dirisha halionekani, nimwelekeze kwa mdomo."

Mwiko ukaanza tena kukoroga. Kisha akasema, "Mwambie angesema siku ile." Mueni alipofungua kinywa kunipasha, mama yake akaongeza, "Na umwambie amefanya vizuri kusema kabla ya mvua."

Niliyasikia yote mawili kwa masikio yangu, lakini nikasubiri Mueni anipashe. Nilihitaji kuyasikia mara mbili.

Wanaume wa jirani wakaja tukaliviringisha tangi, bado lilikuwa tupu, tukahamisha mawe. Kisha akaitwa Kioko. Shemeji yangu ni mtu mzito, mwuza nyama anayeila pia, na maisha yake yote hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko kiti cha bucha. Ngazi ililia alipoikanyaga.

"Shemeji," akaita kutoka juu, "niko na watoto."

"Najua, ni wapwa wa mke wangu. Shika ule mpira wa maji wa kupimia usawa. Maji yamefika wapi?"

"Yako ndani ya mpira."

"Ndani wapi, shemeji? Juu ya alama au chini?"

"Sitaki kuangalia chini."

Tulifanya kazi hivyo mchana kutwa, yeye juu macho nusu yamefumbwa, mimi kwenye kona nimeugeuzia ukuta mgongo, nikiielekeza kazi kwa masikio. Hapo ndipo nilipomshukuru Mutiso kwa kunifundisha kusikia bati. Kioko akigonga kishikio, nilijua kwa mlio kama kimekaa kwenye ubao mzima au kwenye ubao ulioliwa na mchwa. "Ng'oa hicho, sogea kushoto." Aling'oa, alilalamika, alisogea. Aliposhuka alilala kifudifudi kwenye nyasi akisema ardhi ni nzuri.

Nilikuwa naanza kukusanya vifaa nilipomwona Mama Kioko akitoka jikoni na mtungi mmoja. Ni ule wa asubuhi ile, aliouchota kwa kikombe na kuupandisha kilima na nyonga yake mbovu. Akautua chini mbele ya Mueni.

"Mpe amwage," akasema. "Tuone."

Mimi sikuwa nimemwomba. Nilijua thamani ya ule mtungi, na mikono ilikuwa mizito kuupokea. Kioko, maskini, akapanda tena, akaumwaga pole pole upande wa juu. Mama Kioko akaingia ndani, akaenda chumbani kwake, akasimama dirishani. Maji yakatembea kwenye gata, tukayasikia yakipita juu ya vichwa vyetu, yakageuka kwenye kona, yakashuka, yakaanza kugonga sakafu ya tangi. Kutoka ndani nilimsikia akisema "Eee," neno hilo moja, kwa utulivu, kama mtu aliyewekewa mto kichwani.

Ningeweza kuwaambia mengi kuhusu miaka iliyofuata. Siku hizi gata ni za plastiki, zinaunganishwa kwa gundi, na vijana wanapima mteremko kwa simu. Nawapongeza bila wivu, au kwa wivu kidogo. Niwaombe tu mambo mawili matatu: msiweke vishikio vikiwa mbali sana ili mmalize haraka, maana gata ikijaa ni nzito, na maji ya mvua ya kwanza yaachieni yaende, yamebeba vumbi na uchafu wa ndege. Na mteja akiwaonyesha mahali pabaya pa tangi, semeni siku hiyo hiyo, hata kama mahali pazuri ni chini ya dirisha la askofu.

Kyumbi nilifika hatimaye. Karakana haikuwa pale njiapanda hasa, ilikuwa nyuma kidogo, na ubao uliandikwa na fundi aliyekosea nafasi, jina langu likajikunja mwishoni. Gari la kijani halikuja, lilikuja jeupe kuukuu. Nilivipenda vyote na navishukuru. Lakini Mwende, mjukuu wangu, kama ningevipata hivyo vyote na bado ningekuwa natetemeka nikiona wingu, ningekuwa nimefanya biashara ya nini? Duka lako linaweza kuwa na malengo yake. Nawe tafuta lako, dogo, la kwako mwenyewe, ambalo ukilifikia utajua hata kama hakuna anayekutazama. Sijui litakuwa nini kwa mshonaji. Wewe ndiye mwenye sindano.

Ngoja nimalizie ile ya Katangi.

Mvua ilikuja kama wiki moja baadaye. Nilikuwa Machakos, asubuhi na mapema, nikaona upande wote wa Yatta umekuwa mweusi, na nikataka kuingia ndani kama kawaida yangu. Ule mtungi mmoja ulikuwa umepita salama, lakini mtungi si mvua. Nilichukua koti nikaondoka kabla sijabadilisha mawazo. Nilipofika Katangi ilikuwa inanyesha ile mvua ya kuziba njia, barabara imekuwa mto, na mimi nimelowa mpaka kwenye mifupa. Nikasimama barabarani, nikainua macho polepole, nikianzia kwenye mawe ya chini kwa sababu niliogopa kuanzia juu.

Paa lilikuwa linanguruma. Maji yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye mabati, yanaingia kwenye gata, yanakimbia kuelekea upande wa jua kutua. Niliangalia kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikarudia. Hakuna tone lililokuwa linaruka nje.

Kisha nikamwona mama mkwe. Saa ile ilikuwa saa yake ya mtoni. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele, mikono ameiweka mapajani, hafanyi kitu. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kumwona hivyo. Kila nilipomwona alikuwa amebeba, amefunga, anachota, anapanda. Sikujua hata kwamba miguu yake ni mirefu kiasi kile.

Nilitaka kugeuka niende kwa Kioko nikatume salamu, kama kawaida. Mueni hakuwepo, hapakuwa na mtu wa kusimama katikati yetu. Yeye akaniona. Akasogea kwenye mkeka, akapiga piga mahali palipobaki.

"Njoo ukae, mwanangu," akasema. "Leo hakuna anayeenda popote."

Hakumwambia mtu aniambie. Nikavua viatu, nikaketi pembezoni mwa ule mkeka nikiwa nachuruzika maji, na sote wawili tukatulia tukisikiliza tangi likijaa, mpaka mlio wake ukabadilika, ukawa mzito.